Bia ya Jumamosi

Mteja akimaliza chupa ya kwanza huishika shingo, huizungusha, husoma lebo kana kwamba hajawahi kuiona. Akimaliza ya nne haigusi. Huinua kidole tu, macho yako barabarani. Nauza bia mtaani Kikula, hapa Likasi, Katanga, tangu mwaka 2004. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kazi hizi mbili zinafanana kuliko wengi wanavyodhani: zote ni kukaa mbele ya watu saa nyingi ukisoma nyuso zao. Mwalimu hujua ni mtoto gani ameacha kusikiliza. Mwenye buveti hujua ni mtu gani ameacha kufurahi lakini hajaacha kunywa. Hao ndio wengi.

Mahubiri juu ya pombe nayasikia kila Jumapili, na mengi yana haki. Lakini karibu yote huanzia mahali pamoja, kwamba raha ya mlevi ni kubwa mno, ndiyo maana imemteka. Mimi ndiye ninayewahudumia watu hao, na raha kubwa sijaiona. Naona raha ndogo inayozidi kupungua na mtu anayeikimbilia. Wanywaji wenyewe ndio wa kwanza kulalamika. Bei wanailalamikia, ndiyo, na umeme ukikatika wanalalamikia bia yenye joto. Ila wakikaa wawili watatu, usiku umekwenda, lalamiko linalotoka ni jingine.

"Mama, minakunywa tu, ile utamu ayiko tena," aliniambia dereva mmoja wa malori ya shaba, wale wanaopita hapa kutoka Kolwezi kwenda mpaka wa Kasumbalesa na kulala njiani. Alikuwa na maelezo yake: kiwanda kimebadilisha mapishi, bia ya Simba ya zamani ndiyo ilikuwa Simba. Maelezo hayo nimeyasikia kwa wazee wasiohesabika, na kila mzee huiweka hiyo zamani kwenye mwaka ambao yeye alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano. Mapishi ya kiwanda siyajui. Ninachojua ni kwamba wavuta sigara wananiambia hivyohivyo juu ya sigara, vijana wa bangi juu ya bangi, na wanaobeti mpira kwenye simu wanasema siku hizi hata wakishinda mioyo yao haishtuki. Haiwezekani kila kitu kiwe kimeharibiwa mapishi kwa wakati mmoja.

Kilichoharibika, kwa maoni yangu, ni kungoja.

Baba yangu alifanya kazi Shituru, kwenye kiwanda kinachotenga shaba kwa asidi na umeme tangu mwaka 1929. Aliingia huko mji ukiitwa Jadotville na mwajiri akiitwa Union Minière. Alipotoka, mji ulikuwa Likasi na mwajiri Gécamines. Katika mabadiliko yote hayo bia yake haikubadilika: Simba moja, Jumamosi, baada ya kuoga. Tembo, ile nyeusi, ilikuwa ya Noeli. Tangu Alhamisi sisi watoto tulijua Jumamosi inakuja, kwa sababu alianza kuitaja. Ijumaa alimkumbusha mama kuiweka chupa kwenye ndoo ya maji kivulini. Jumamosi yenyewe alitoa kiti mlangoni pa nyumba ya kambi ya kampuni, akafungua chupa, akainywa mpaka jua likazama. Chupa moja, jioni nzima. Majirani waliopita walipewa maelezo kamili juu ya bia hiyo, kama ilivyo ya baridi, kama inavyoshuka, na wao walisikiliza kwa heshima kwa sababu nyumbani kwao ilikuwa ikiwangoja nyingine kama hiyo.

Baba hakuwa mtakatifu, na mtu asinielewe vibaya. Alikunywa moja kwa sababu mshahara ulikuwa wa mwezi, watoto tulikuwa wengi, na mama ndiye aliyeshika pesa. Wala kambi ya kampuni haikuwa pepo. Enzi za Wabelgiji kungoja huko kulikuwa pia amri ya serikali. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulibana biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na koloni ya Kongo iliendelea kumkataza Mwafrika pombe kali mpaka miaka ya 1950, huku Mzungu akinywa wiski yake barazani mbele ya boi aliyemmiminia. Bia iliruhusiwa. Matunda ya katazo hilo tunayo mpaka leo: lutuku, iliyopikwa kwa mahindi na muhogo kwenye mapipa, usiku, porini, na ambayo baada ya uhuru serikali nayo iliendelea kuifukuza bila kuikamata. Kwa hiyo sisemi turudi kwenye kambi. Nasema tu kwamba baba yangu, kwa chupa moja, alipata kitu ambacho wateja wangu hawakipati kwa sita, na inafaa kujiuliza alikipataje.

Mwaka 2003 na 2004 tulipata nafasi ya kuona kinyume chake. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa imelala chini. Mgodi wa Kamoto ulikuwa umebomoka mwaka 1990, mitambo ilikuwa imechoka, na wafanyakazi walikuwa wamekaa miezi na miezi bila mshahara. Ndipo ukaja mpango wa kuondoka kwa hiari, uliolipiwa na fedha za Benki ya Dunia. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Katanga walipokea kitita kimoja na kuaga kazi. Hiari yenyewe ilikuwa ya mtu mwenye njaa, lakini hilo ni andiko la siku nyingine. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Kabla kitita hakijafika mezani nilimwomba firiji na kreti za kuanzia, na ndivyo buveti hii ilivyozaliwa: kwa fedha zilezile ambazo wenzake walikuja kuzinywea hapa.

Miezi ile Kikula ilikuwa Noeli kila jioni. Watu waliokuwa wakigawana Simba moja kwa glasi tatu walinunua kreti nzima na kuiweka katikati ya meza ili kila mpita njia aione. Wengine waliiacha bia wakahamia wiski ya chupa iliyovuka kutoka Zambia. Kulikuwa na redio mpya, viatu vipya, na wake wapya, ambao nao walikaa kwangu wakanywa vinywaji vitamu kwa mirija. Hesabu zangu zilikuwa nzuri na sikuwa na sababu ya kulalamika. Lakini hata wakati ule nilishangaa jinsi walivyonyamaza upesi. Wiki za kwanza kulikuwa na nyimbo, mabishano ya mpira, mzee mmoja wa karakana aliyecheza peke yake mpaka suruali ikamlegea. Mvua zilipoanza kukolea, meza zilezile zenye chupa zilezile zilikuwa kimya. Walikuja mapema zaidi, wakaondoka wamechelewa zaidi, na walikuwa na nyuso za watu wanaongoja basi.

Na walikuwa bado na pesa. Hilo watu hulisahau wanapokisimulia kisa hiki. Husema raha iliisha pesa zilipoisha. Hapana, nilikuwepo, mimi ndiye niliyekuwa nikifungua chupa. Raha ndiyo iliyotangulia kuisha, pesa zikafuata baadaye, na kati ya hayo mawili palikuwa na majuma ya mtu kunywa bila kujua anachokitafuta.

Binti yangu anasoma saikolojia Lubumbashi. Nilipomsimulia haya alicheka, akaniambia Wamarekani walishaandika habari za wateja wangu kabla yeye hajazaliwa. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake wawili waliwahoji watu 22 walioshinda bahati nasibu katika jimbo la Illinois, baadhi yao wakiwa wameshinda hadi dola milioni moja, wakawalinganisha na watu wengine wa maeneo hayohayo ambao hawakushinda kitu. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha kuliko wenzao kwa kiasi cha maana. Hilo halikunishangaza. Lililonikalisha chini ni la pili. Waliulizwa wanafurahia kiasi gani mambo madogo ya siku: kula kifungua kinywa, kuzungumza na rafiki, kusikia kichekesho, kusifiwa, kusoma jarida. Katika hayo washindi walikuwa nyuma. Kitu kikubwa kilikuwa kimeramba utamu wa vidogo.

Nilimkumbuka mara moja fundi mmoja wa umeme, jirani yetu wa kambi, ambaye kabla ya kitita alikuwa akiisifu sombe (kisamvu) ya mke wake mpaka mtaa mzima ukachoka. Miezi ile alikula nyama ya kuchoma kwangu kila jioni na kuacha nusu. Pesa zilipokwisha alirudi kwenye bukari (ugali) na sombe, na mke wake akaja kuniuliza, bila hasira, nilikuwa nikimlisha nini mumewe, maana sasa kila anachopika hakina chumvi.

Binti ana kisa cha pili, cha nyani, na hicho nitakipita haraka kwa sababu sipendi sana kufananishwa. Mtafiti Wolfram Schultz, alipokuwa Chuo Kikuu cha Fribourg, Uswisi, alipima chembe fulani za ubongo wa nyani aliyekuwa akipewa matone ya maji ya matunda baada ya taa kuwaka. Mwanzoni chembe ziliruka tone lilipoingia mdomoni. Nyani alipokwisha kuzoea, ziliruka taa ilipowaka, na tone lenyewe lilipofika hazikutikisika. Tone likikosekana, zilishuka chini ya kawaida. Mwanasayansi atasema ni habari ya ubashiri na kemikali iitwayo dopamini. Mimi niliposikia nilisema: basi baba alikuwa akiinywa ile bia tangu Alhamisi.

Sasa tazama tulivyozifuta Alhamisi zote. Sigara inauzwa moja moja tangu alfajiri, kwenye kila kibanda kutoka hapa mpaka stesheni. Kubeti kulikokuwa kwa mechi za mwisho wa juma sasa kuko mfukoni, usiku wa manane, kwa timu za nchi ambazo kijana hawezi kuzionyesha kwenye ramani. Na pombe kali, ile iliyofichwa porini, sasa imo kwenye vijifuko na vichupa vidogo vya plastiki vinavyokaa kwenye kiganja, vya bei ya mkate au chini yake. Kijana anayetoka kuchimba anakinywa kimoja akisubiri pikipiki. Anakinywa wima, kwa mikupuo miwili, uso ameukunja. Nimewatazama sana wanywaji wa vichupa hivyo na sijaona hata mmoja aliyekuwa akitabasamu wakati wa kumeza. Chupa ya bia angalau inadai kiti, glasi na mtu wa kuzungumza naye. Kichupa hakidai chochote, hata saa ya siku.

Ndiyo maana kwangu havimo. Wanaodhani naogopa ushindani wanakosea, maana faida yake ni nzuri kuliko ya bia na mgavi ameniomba mara nyingi.

Wala sijiweki juu ya wateja wangu. Mimi ni mtu wa tumbaku ya kunusa, niliyofundishwa na mama mkwe, na kopo langu dogo liko mfukoni mwa kitenge ninapoandika haya. Ile ya kwanza ya asubuhi nilikuwa nikiihesabu kuwa raha kuu ya siku. Siku moja nikaichunguza kama nilivyokuwa nikichunguza insha za wanafunzi. Nikotini haikai: kwa muda wa saa mbili hivi nusu yake imeshatoka kwenye damu, na usiku mzima mwili umekuwa ukiidai. Ninapofungua kopo alfajiri nalipa deni la jana, na kile ninachokiita raha ni nafuu ya mdaiwa aliyemaliza kulipa, kabla hajakopa tena saa ileile. Mtu asiyenusa aliamka akiwa tayari pale ninapofika mimi baada ya kunusa. Nilipoanza kukaa bila kopo kuanzia Jumapili mpaka Jumamosi inayofuata, siku za mwanzo zilikuwa mbaya na nilimgombeza kila mtu. Baadaye ile ya Jumamosi ilinipiga kichwani kama zamani, machozi yakanitoka, nikapiga chafya, nikacheka peke yangu. Kisha nikaanza kuibia Jumatano. Kwa hiyo naandika kama mtu anayejua njia, si kama mtu aliyefika.

Hapo ndipo kuna tofauti ambayo naona haisemwi. Kukosa kwa saa mbili ni deni, kukosa kwa juma zima ni hamu. Vyote viwili ni kutokuwa nacho, lakini cha kwanza kinakufanya ukitumie kitu bila kukiona, na cha pili kinakifanya kitu kiwe kikubwa kuliko kilivyo. Kuongeza kipimo hakusaidii, na wanaokunywa sita badala ya nne watakuambia. Kubadilisha aina husaidia juma moja.

Wazee wa Kasai, walikotoka wazazi wa mume wangu, walilijua jambo hili kwa njia yao. Katika miaka ya 1870 na 1880, kwa Bena Lulua wa chifu Kalamba Mukenge, bangi ilifanywa kuwa kitu cha undugu. Wafuasi waliitwa Bena Diamba, watu wa bangi. Wanaume walikusanyika jioni, hadharani, wakavuta pamoja kwa kiko kikubwa cha kibuyu, na kuvuta huko kulikuwa ishara ya amani baina yao. Wajerumani Paul Pogge na Hermann Wissmann walifika huko mwaka 1881, na Wissmann aliandika jambo ambalo kila kijana wa bangi Likasi angepaswa kulisikia: mtu aliyekosa aliadhibiwa kwa kuvutishwa bangi hiyohiyo, nyingi, mpaka akapoteza fahamu. Jani lilikuwa moja. Jioni, kwa zamu, na wenzako, lilikuwa undugu. Bila kikomo lilikuwa adhabu. (Johannes Fabian, aliyejifunza Kiswahili chetu cha Katanga na kukiandikia vitabu, ana kitabu cha mwaka 2000 kinachoeleza hayo, na pia jinsi wale wapelelezi Wazungu wenyewe walivyotembea Afrika ya Kati wakiwa na homa, dawa na pombe kichwani. Wengi waliotuandika walikuwa wamelewa.) Leo naona vijana wanajivutisha ile adhabu kwa hiari yao, kila mmoja peke yake nyuma ya ukuta wake.

Hata munkoyo, kinywaji cha watoto na cha matanga, una saa zake. Unapika uji mwepesi wa mahindi, unauacha upoe, unatia mizizi iliyopondwa, na mizizi hiyo ndiyo inayougeuza wanga kuwa sukari usiku kucha. Asubuhi ni mtamu, mtoto anakunywa. Ukiuacha siku mbili tatu unachachuka na kupanda kichwani, wakubwa wanakuja. Hakuna aliyewahi kuuharakisha. Sokoni Kikula mama wa munkoyo akisema bado, ni bado, na watu wanaondoka bila kugomba.

Sasa serikali ifanye nini? Jirani zetu wamejaribu. Kenya ilitunga sheria mwaka 2010, ile waliyoiita ya Mututho, ikazuia baa kuuza pombe siku za kazi kabla ya saa kumi na moja jioni. Tanzania ilipiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya vijifuko, kuanzia Machi 2017. Uganda ikafuata mwaka 2019. Nikiulizwa juu ya vichupa vya plastiki, naunga mkono viondoke, leo kuliko kesho. Ila sina imani kwamba katazo peke yake hurudisha utamu, na historia yetu ya lutuku inanipa haki ya kuwa na shaka. Askari akipewa sheria ya saa, hapa kwetu, sheria hiyo itakuwa mshahara wake wa pili. Mama anayepika lutuku ili alipe karo atakamatwa kabla ya tajiri anayeleta vichupa kwa lori. Afadhali sisi wauzaji tujiwekee saa wenyewe, kwa sababu sisi ndio tunaoshika ufunguo.

Kuna watu ambao haya yote hayawahusu, na ningekuwa mwongo nisiposema. Mtu ambaye mikono inatetemeka asubuhi mpaka anywe, huyo usimwambie habari ya Jumamosi. Hawezi kunywa moja, na kungoja kwake si hamu hata siku moja. Huyo anahitaji kuacha kabisa, na hata kuacha kwenyewe kusifanyike kwa ghafla chumbani peke yake, maana mwili uliozoea pombe nyingi kwa miaka ukinyimwa ghafla unaweza kuleta degedege, kuona visivyokuwepo, hata kifo. Apelekwe hospitali. Nimeshamkatalia bia mtu wa namna hiyo na nimeshamsindikiza mwingine kwa daktari, na wake zao walinishukuru kwa namna tofauti. Madaktari nao wana neno lao kwa sisi wote: Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Sibishani nalo. Bia ya baba haikuwa dawa. Ilikuwa raha, na swali langu ni la raha tu: kama mtu ameamua kununua hatari, basi angalau apewe raha aliyoilipia.

Tangu mvua za mwaka uliopita nafungua saa kumi alasiri, na Jumatatu sifungui. Nimepoteza wateja wa mchana, wale wanaokuja peke yao na kukaa wakitazama ukuta. Wa jioni wamebaki, na wanakunywa pungufu kidogo, na wanazungumza zaidi; Jumanne ndiyo imekuwa siku yenye kelele, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mzee mmoja wa stesheni, mtu mgumu wa kusifu, aliniambia Jumanne moja, "Leo hii Simba iko sawa ile ya zamani," akataka kujua kama nimebadilisha mgavi. Sikubadilisha.

Mwenzangu mwenye buveti ng'ambo ya barabara anaona nimerukwa na akili. "Yaya, ukifunga, mutu atakuja kwangu," aliniambia, na ni kweli, wengine wamekwenda kwake. Wawili hawajarudi, na mmoja wao alikuwa akilipa vizuri. Jibu langu kwake ni la kibiashara, kwa sababu jingine halisikii: mteja asiyeona utamu wa bia haongezi bia milele, mwisho wake anahamia kwenye kichupa cha kibandani, ambacho hakimpi yeye faida wala mimi. Amelifikiria hilo. Tumekubaliana kuwaita wenye buveti wote wa mtaa wetu kabla ya Noeli tuone kama saa ya kufungua inaweza kuwa moja. Yeye anataka saa nane. Mimi nimesema kumi, na nitakubali tisa.